Chembe nyeupe ni nyingi, lakini kidonda hakina usaha

Swali: Daktari, nasomea uuguzi Bukavu. Mtoto wa dada yangu ana miezi minne. Kitovu kilichelewa sana kukatika, vidonda vinajirudia bila usaha, na chembe nyeupe ni 48,000 kwa kila mikrolita ya damu. Darasani tuliambiwa integrini, protini zilizo juu ya chembe hizo, ni gundi yake. Sasa kwa nini anaugua? Jirani wa Kadutu anatushauri tumpe dawa ya chupa ya kuongeza kinga.

Jibu: Dada, chupa hiyo msimpe. Zile 48,000 si nguvu: huenda chembe zinazunguka kwenye damu bila kuweza kutoka. Usaha hufanywa na chembe zilizofika kidondani zikafia huko.

Hilo la gundi linaniudhi kila nikilisikia. Gundi hunata tu, lakini ndani ya damu integrini huwa imejikunja, hainati. Chembe ikikutana na kemokini, protini za kuita chembe, kwenye ukuta wa mshipa, ishara hupita ndani yake, protini za ndani ziitwazo talini na kindlini-3 hushika mkia wa integrini, nayo hunyooka na kukamata ICAM-1, protini ya ukuta wa mshipa. Wengi wakieleza huishia hapo. Lakini integrini iliyokamata nayo hutuma ishara kuelekea ndani: huamsha vimeng'enya vya jamii ya Src, kisha kingine kiitwacho Syk, kiunzi cha chembe kinapangwa upya, na chembe inatambaa. Neutrofili (aina ya chembe nyeupe) iliyoshikamana, ikiguswa na TNF, protini ya kuamsha kinga, humwaga sumu za oksijeni kwa wingi; inayoelea, kwa TNF ileile, karibu haitoi kitu.

Nashuku mtoto amerithi kwa wazazi wote wawili nakala mbovu za jeni ITGB2, inayotengeneza CD18, sehemu ya integrini hizo. Kushuku hakutoshi; CD18 ipimwe kwa saitometria, kipimo cha maabara kinachokagua chembe moja moja. Mpelekeni kwa daktari wa watoto leo hii, na homa ikipanda apewe antibiotiki bila kungoja. Aina kali huponywa kwa kupandikizwa uboho.

Naletewa watoto wengi walioanzia kwenye chupa. Wauzaji huzungumzia kinga kana kwamba ni kitu cha kuongezwa tu. Hata dawa iliyopimwa inaweza kudhuru: natalizumabu, inayozuia integrini nyingine ya chembe nyeupe, ya alfa-4, iliidhinishwa Marekani mwaka 2004. Mwaka 2005 ikasimamishwa kwa sababu baadhi ya wagonjwa walishambuliwa ubongo na virusi vya JC, kisha ikarudi 2006 kwa masharti makali. Huyo wa chupa hawezi hata kukutajia kilichomo. Mwulizeni itarudishaje protini ambayo mwili wa mtoto haujui kuitengeneza. Wiki mnazopoteza mkiijaribu, bakteria wanaendelea kusambaa.