Kenya na mpaka wa bahari: jibu kwa swali la wiki

Mhariri, mmeuliza nchi ifanye nini inapopoteza eneo, au jirani anapougombania mpaka wake. Najibu kutoka Nairobi, ambako serikali imeshajaribu karibu kila njia.

Mwaka 1976 Idi Amin alidai sehemu kubwa ya magharibi ya Kenya kuwa ni ya Uganda. Hakuzua yote: hadi 1902 Waingereza waliihesabu nchi ile, kufikia karibu na Naivasha, kuwa Mkoa wa Mashariki wa Uganda. Kenyatta aliapa kutotoa hata inchi moja, lakini kilichomtuliza Amin hasa ni mizigo. Uganda haina bahari, na njia ya Mombasa ilipobanwa, madai yakapoa.

Jubaland, ambayo leo ni kusini mwa Somalia, pamoja na Kismayu yake, tuliipoteza mwaka 1925, Uingereza ilipowakabidhi Waitalia. Nani anaililia hapa mjini? Somalia ilifanya kinyume: pembe moja ya nyota ya bendera yake ni Kaskazini Mashariki yetu, na vita vya Shifta vikapiganwa kwa ajili hiyo kuanzia 1963 hadi 1967.

Sisi tumeweza kusahau kwa sababu mistari ya mkoloni imetufaa kuliko ilivyotuumiza. Hesabu mwenyewe: nchi ya magharibi, Mwambao, uliokuwa wa Sultani wa Zanzibar hadi 1963, na huko Kaskazini Mashariki, ambako tume ya 1962 ilikuta wengi wakitaka kwenda Somalia. Azimio la Kairo la 1964, la viongozi wa Afrika kuheshimu mipaka iliyokutwa wakati wa uhuru, lilikuwa ngao yetu. Somalia ililikataa.

Ndiyo maana mwenendo wetu wa 2021 ulinikera. Tangu 1965 tulikuwa tumekubali mamlaka ya Mahakama ya Kimataifa ya Haki. Kesi ya Somalia dhidi yetu kuhusu mpaka wa bahari ilipofika, tukasusia vikao mwezi Machi, tukaufuta ukubali wetu mwezi Septemba, na hukumu ya Oktoba 12 tukaitupilia mbali yote, ingawa majaji walikuwa wamesogeza mstari kidogo kwa faida yetu. Nchi inayoishi kwa karatasi za mipaka haina uwezo wa kuzidharau karatasi. (Migingo, kisiwa cha Ziwa Victoria tunachogombania na Uganda, siigusi. Jiwe la nusu ekari, kelele za bara zima.)

Nigeria nayo ilinung'unika mwaka 2002 mahakama ilipoipa Kamerun rasi ya Bakassi. Lakini mwaka 2006 ilitia saini mkataba wa Greentree, na 2008 ikakabidhi. Kwenye mkataba huo wakazi walihakikishiwa kwamba hawatafukuzwa wala kulazimishwa kubadili uraia, na haki zao za uvuvi zitaheshimiwa. Kwa hiyo jibu langu: Nairobi iikubali hukumu, kisha iketi na Mogadishu kuzungumzia nani atavua wapi. Mvuvi wa Kiunga, kwenye pwani yetu karibu na Somalia, anahitaji kibali kinachotambulika pande zote mbili za mstari, na hicho hakitatolewa na serikali inayosema mstari wenyewe haupo.