Nataka utawa, mama analia

Mdogo wangu wa Masasi, unasema umemaliza kidato cha nne, unataka kuwa sista kule Ndanda, na mama analia kwa kuwa wewe ndiye binti pekee. Machozi hayo usiyapuuze. Kwetu Wamakua ukoo hupitia kwa mama. Binti asipozaa, nyumba imefungwa. Anza na mjomba, yeye ndiye atakayemtuliza.

Kati ya nadhiri tatu za mtawa, yaani ahadi kwa Mungu za useja (kutooa wala kuolewa), utii na ufukara, wengi huogopa useja. Mimi nilikuwa novisi, yaani mtawa aliye kwenye malezi ya majaribio, miezi minane, na kilichonitoa jasho ni utii: unasikia baba anaumwa katikati ya msimu wa korosho, nawe huendi mpaka uruhusiwe. Na ufukara je? Ukiajiriwa kufundisha, mshahara ni wa jumuiya ya masista, si wa kumwezekea mama bati.

Ila hufungwi siku ya kwanza. Unovisi haupungui miezi 12, kisha nadhiri za muda, angalau miaka 3, ndipo za daima. Novisi yuko huru kuondoka. Mimi niliondoka bila ugomvi.

Mwone paroko, padri wa parokia yako, akuombee ukae na masista wiki mbili. Beba kanga za kazi, hawatakuweka sebuleni.