Kidonda na utando wa mdomoni si kitu kimoja

Nina ugonjwa wa Crohn, yaani uvimbe wa kudumu wa utumbo. Kabla daktari hajautaja nilishatibiwa amiba na taifodi mara nyingi tu, na muda wote huo mdomo ulikuwa unatoa taarifa yake. Vidonda vidogo vya duara, katikati manjano, pembeni vyekundu, ndani ya shavu au chini ya ulimi. Kachumbari yenye ndimu nikawa naisikia kwa wenzangu. Baadaye ndipo nikang'amua kwamba kwangu vikitoka vitatu au vinne kwa mpigo, tumbo nalo liko njiani kuchafuka.

Nilipoanzishiwa predinisoloni, steroidi ya kutuliza uvimbe, vidonge 8 vya miligramu 5 kila asubuhi, vidonda vilikauka. Wiki ya tatu nikaamka chai haina ladha, mdomo kama umejaa pamba. Ulimi na mashavu yametapakaa weupe kama mtindi. Nikajua vidonda vimerudi. Duka la dawa la mtaani nikaomba kitu cha vidonda, nikapewa dawa ya kupaka yenye steroidi. Kwa kidonda ingefaa. Mimi nilikuwa na fangasi, na fangasi huyo alikuwa ameletwa na steroidi hizo hizo za kumeza, maana zinashusha kinga. Nikawa namwongezea shibe. Siku nne baadaye kumeza ugali kukawa kama kumeza mchanga.

Kwa hiyo kabla hujapaka chochote, funga kidole kwa kitambaa safi chenye maji, ufute taratibu. Weupe ukitoka ukaacha pekundu, pengine na damu kidogo, uwezekano mkubwa ni fangasi. Kidonda hakifutiki, kinauma tu. Hicho si kipimo cha maabara, lakini utajua cha kumwambia daktari.

Niliandikiwa nistatini ya maji, dawa ya fangasi, nikawa naimeza fasta kama dawa ya kikohozi. Nesi mmoja akacheka: "Dada, unaiwahisha wapi?" Dawa ile inafanya kazi pale inapogusa. Kula kwanza, kisha izungushe mdomoni kadiri unavyoweza kuvumilia, ndipo umeze, na usinywe hata maji kwa nusu saa. Mara 4 kwa siku, na uendelee siku 2 baada ya weupe kwisha. Ukiumwa kifuani unapomeza, fangasi huenda ameshashuka kwenye umio, njia ya chakula kwenda tumboni, na hapo kwa kawaida ni vidonge vya flukonazoli. Hivyo vinagongana na dawa kadhaa, wafarini ya kuzuia damu kuganda ikiwemo, basi mtajie daktari kila unachokunywa. Predinisoloni usiiache ghafla kwa hasira, kama nilivyotaka mimi. Hupunguzwa kidogo kidogo.

Shangazi alipouona ulimi wangu alinyamaza, kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Umepima?" Nilishapima. Sikumkasirikia, kwa kuwa virusi vya UKIMWI navyo huleta utando huo huo. Pima, umwoneshe majibu anayestahili kuyaona, mengine waachie majirani wayamalizie.

Pembe za mdomo zikipasuka, usikimbilie kupaka mafuta tu. Huenda ni fangasi, huenda ni upungufu wa madini ya chuma au vitamini B12, ambavyo utumbo wetu sisi wenye Crohn huenda usivifyonze vizuri. Omba kipimo cha damu.

Na kidonda kikipita wiki 3 hakijapona, kapige foleni hospitali. Mimi huandika tarehe kwenye kalenda ya jikoni, chini ya namba ya muuza gesi.