Kumpima kwotabeki wa chuo kabla ya drafti ya NFL: anza na macho na miguu, mkono baadaye

Mkuu, umeuliza hivi: kila Aprili, timu za NFL (ligi ya kulipwa ya mpira wa Kimarekani) zinapochagua wachezaji wa vyuoni kwenye drafti, ukitazama klipu za makwotabeki, yaani wale wanaoongoza mashambulizi na kutupa pasi, wote wanaonekana hatari, halafu baada ya miaka miwili mitatu wengine hawana hata timu, sasa mtu atawatofautishaje mapema? Waliotangulia kukujibu wamesema uangalie kimo na nguvu ya mkono. Mimi nawapinga, na niwieni radhi kwa urefu, maana jambo hili nimelishuhudia kwa karibu na bado linanikaa moyoni.

Nilipokuja Marekani kusoma nilipata kibarua kwenye timu ya chuo, kupiga video za mazoezi na mechi. Nilikifanya miaka mitatu. Wenzangu walikaa pembeni ya uwanja, mimi nikapangiwa nyuma ya goli, juu ya jukwaa la chuma linalopandishwa kwa mashine, upepo wa Novemba ukikata masikio. Televisheni hufuata mpira. Kutoka kule juu unachokiona ni mgongo wa kwotabeki, miguu yake, na kofia yake inageukia wapi.

Tulikuwa na wawili. Mmoja alikuwa na mkono ambao ukishausikia huusahau. Mpira wake ulikuwa unavuma ukipita. Wasaka vipaji wa timu za kulipwa walipokuja mazoezini, huyo ndiye waliyemtazama. Mwingine alikuwa mfupi kidogo, na mpira wake ulifika bila kishindo chochote.

Jumapili kocha wa makwotabeki alinikalisha kwenye kompyuta niendeshe picha. Alikuwa na utaratibu mmoja tu. Kwotabeki anapokea mpira, anarudi nyuma hatua tano, na pale mguu unapokanyaga hatua ya mwisho kocha anasema, "Simamisha." Kisha anauliza, "Macho yake yako wapi?" Kwa yule mfupi, kofia ilikuwa imeshatoka kwa mpokeaji wa kwanza ikaenda kwa wa pili, na mguu wa mbele umeelekea hukohuko. Kwa yule mwenye mkono, kofia ilikuwa imeinama. Alikuwa anawatazama walinzi wanaomjia. Yadi 15 mbele yake kuna mwenzake ameachwa peke yake, mkono juu, na hamwoni. Picha ile tuliirudia mara nne, chumba kizima kimya.

Kijana yule aliitwa kambini na timu moja ya NFL, hakumaliza Agosti. Nilimhurumia sana, kwa sababu alikuwa anajituma kuliko wengi. Lakini tangu hapo swali langu la kwanza kwa kila kwotabeki ni hilo: mpango wa kwanza ukifa, huyu mtu anafanya nini?

Chukua drafti ya 2021, ambayo makwotabeki watano walichaguliwa raundi ya kwanza. Zach Wilson wa chuo cha BYU alitupa pasi moja siku ya kujionyesha chuoni kwake mbele ya wasaka vipaji wa NFL, anakimbilia kushoto huku mpira unakwenda mbali kulia, na kwa wiki nzima watu hawakuzungumza kingine. Siku ile hapakuwa na mlinzi hata mmoja mbele yake. Msimu wake mzuri wa 2020 aliucheza nyuma ya ukuta imara wa wenzake wanaomkinga, na ratiba ya BYU ilikuwa imevurugwa na korona, timu kubwa kadhaa zikaondoka. Timu ya New York, Jets, walimchukua wa pili. Mwaka wa kwanza alitupa pasi 9 za kufunga na 11 zilizonaswa na wapinzani, na Novemba 2022 akawekwa benchi. Mkono ulikuwepo muda wote, hilo sibishi.

Mwaka huohuo timu ya San Francisco, 49ers, walitoa haki zao tatu za kuchagua raundi ya kwanza ili wapande hadi nafasi ya tatu wamchukue Trey Lance wa North Dakota State. Kijana alikuwa ametupa pasi 318 tu katika maisha yake yote ya chuo, na mwaka wake wa mwisho alicheza mechi moja. Haki isemwe, aliumia vibaya kifundo cha mguu mwanzoni mwa msimu wa 2022, na hakuna ajuaye angefika wapi bila jeraha lile. Ila timu hiyohiyo, mwaka huohuo wa 2022, ilimchukua Brock Purdy chaguo la 262, la mwisho kabisa. Purdy alikuwa ameanza mechi miaka minne Iowa State. Hakuwa mrefu, mkono wa kawaida. Februari 2024 alikuwa uwanjani kwenye Super Bowl, fainali ya NFL, wakafungwa na timu ya Chiefs 25 kwa 22 katika muda wa nyongeza. Ukimtazama Purdy wa chuoni utaona makosa mengi, tena mengine ya kuudhi, lakini utaona pia mtu ambaye macho yake hayashuki. Walinzi wanamjia na bado anatafuta mpokeaji wa tatu.

Nitaje mwingine anayenipa raha kumkumbuka. C.J. Stroud wa Ohio State walimtilia shaka kwamba akikosa utulivu hana jipya. Tafuta mechi yake na Georgia ya Desemba 31, 2022. Georgia ndio waliokuwa mabingwa, na usiku ule walimfukuza kweli. Akawatupia yadi 348 na pasi 4 za kufunga, ingawa Ohio State walipoteza 42 kwa 41. Lakini tazama miguu: anateleza hatua mbili kulia, anatulia, anatupa, walinzi wakifunga njia anapanda mbele badala ya kurudi nyuma. Kabla ya drafti zikavuja habari kwamba alipata alama za chini kwenye mtihani wa kompyuta wa kupima akili ya mchezo, na watu wakaanza kumshusha. Mimi nilishikilia mechi ile. Houston walimchukua wa pili 2023 na akawa mchezaji bora chipukizi wa ushambuliaji.

Kuna kitu cha uwanjani ambacho wageni wengi wa mchezo huu hawaambiwi. Ile mistari mifupi ya katikati, mahali mpira unapowekwa, vyuoni imeachana futi 40. NFL ni futi 18 na inchi 6. Kwa hiyo chuoni mpira ukiwekwa mstari wa kushoto, upande wa kulia unabaki uwanja mpana mno, na makocha hujaza humo pasi fupi rahisi. Kwotabeki anapanda takwimu bila kusoma ulinzi wowote. Asilimia 70 ya pasi zilizofika inaweza kuwa imejengwa kwa pasi za yadi tatu. Ila upana huohuo ndio unaokupa kipimo cha haki cha mkono: akiwa mstari wa kushoto, anaweza kumfikishia mpokeaji aliye kando ya mstari wa kulia kabla beki hajafika? Ni futi 100 kwa upana tu, bado hujahesabu za kwenda mbele. Hapo ndipo mkono una maana, kuliko mpira wa yadi 60 unaotupwa hewani kwenye majaribio ya kabla ya drafti kule Indianapolis, mbele ya watu wenye saa.

Suala la uzoefu nalipa uzito, lakini kwa tahadhari. Jayden Daniels alianza mechi 55 chuoni, akachaguliwa wa pili 2024. Bo Nix alianza 61. Siku hizi vijana wanahama vyuo kwa urahisi, kwa hiyo mimi hutazama mechi nne za kwanza baada ya kuhama: ameushika mpango mpya haraka, au anasubiri kuambiwa? Cam Ward alianzia Incarnate Word, akapita Washington State, akamalizia Miami, na kila alipohamia alikuwa anapiga hatua. Huyo 2025 aliitwa wa kwanza. Tahadhari yenyewe ni umri. Mtu wa miaka 24 akiwatesa vijana wa miaka 19, punguza kidogo.

Sasa niseme nilipokosea, kwa sababu ni kosa lililonifundisha. 2018 nilimkataa Josh Allen wa Wyoming. Asilimia 56.2 ya pasi zake ndizo zilizofika, na nilihesabu mwenyewe mara ngapi alimkosa mtu aliye wazi. Nikasema mkono bila shabaha ni bure. Bills walimchukua wa saba, wakamvumilia miaka miwili, akafundishwa upya namna ya kupanga miguu na nyonga anapotupa, kisha wakamletea mpokeaji mahiri Stefon Diggs 2020. Msimu wa 2024 akawa MVP, mchezaji bora wa ligi. Nilichopuuza ni kwamba shabaha yake iliharibiwa na miguu, si na macho. Alikuwa anamwona mtu sahihi, anamkosa. Miguu inafundishika. Kuona, kwa niliyoyashuhudia, ni kugumu mno kumfundisha mtu wa miaka 22 wakati jitu la kilo 130 linamjia kifuani.

Na timu anayoangukia ni nusu ya habari. Patrick Mahomes wa Chiefs alikaa mwaka wake wa kwanza nyuma ya kwotabeki mkongwe Alex Smith, akaanza mechi moja tu. Sam Darnold alitupwa uwanjani Jets akiwa na miaka 21, akahesabiwa amekwisha, na 2024 akashinda mechi 14 akiwa Minnesota. Kwa hiyo ukimwona aliyeshindwa, uliza kwanza alipewa nani wa kumlinda.

Kazi ya kuanzia, mkuu: chagua kwotabeki mmoja, tafuta mechi aliyofungwa na timu ngumu, mechi nzima, achana na klipu. Timu hupewa majaribio manne kusogeza mpira yadi kumi; tazama jaribio la tatu tu, lile linalodai yadi saba au zaidi. Simamisha picha anapokanyaga hatua ya mwisho. Andika mambo mawili, kofia inatazama wapi na mguu wa mbele umeelekea wapi, kisha ruhusu picha iendelee. Utapata matukio kama kumi hivi. Ukimaliza yaweke hapa, nitaitazama mechi hiyohiyo wikiendi hii tulinganishe.