Kipimo sahihi kwa asilimia 99 kinamaanisha nini?

Ndugu mwanajukwaa, umeuliza kama kipimo kinachobaini wagonjwa 99 kati ya kila 100, kikikuonyesha kuwa una ugonjwa, basi uwezekano wa kuwa mgonjwa kweli ni asilimia 99. Jibu ni hapana, na tofauti ni kubwa kuliko wengi wanavyodhani.

Kinachosahaulika ni wingi wa ugonjwa wenyewe miongoni mwa wanaopimwa. Tuchukue mfano wa watu 100,000 na ugonjwa unaompata mtu 1 kati ya 1,000: wagonjwa ni 100, na kipimo kitawabaini 99. Tuseme pia kwamba kipimo hichohicho huwakosea wazima 5 katika 100. Wazima wako 99,900, kwa hiyo 4,995 kati yao wataambiwa wanaumwa ilhali hawaumwi. Jumla ya walioonyeshwa kuwa na ugonjwa ni 5,094, na wagonjwa halisi ni 99 tu, yaani takriban 2 katika kila 100. Hesabu hii hufuata kanuni ya uwezekano ya mwanahisabati Mwingereza Thomas Bayes, iliyochapishwa mwaka 1763, baada ya kifo chake.

Hata hivyo (nalisisitiza hili, kwani nisingependa mtu yeyote apuuze majibu yake), mwenye dalili hayumo katika hesabu hiyo, kwa kuwa uwezekano wake ulikuwa mkubwa hata kabla ya kupimwa. Muulize daktari ugonjwa huo huwapata watu wangapi wa umri na hali kama yako, kisha uombe kipimo cha kuthibitisha, ikiwezekana cha aina tofauti, maana kurudia kipimo kilekile huweza kurudia kosa lilelile.