Mkuu, ahirisha hicho kijiko kabla hujalipa amana

Mleta mada, salamu tutapeana baadaye. Umeandika kwamba klabu yenu ya pikipiki za vumbi na ATV (zile za magurudumu manne) huko Marekani imechaguliwa kupata ruzuku ya RTP, yaani Recreational Trails Program, mpango wa serikali kuu wa njia za burudani, ya kutengeneza njia za umma msituni, barua ya pongezi imefika, na Jumamosi hii mnakodi kijiko, mashine ya kuchimba udongo, kwa sababu mwenye nacho amewapunguzia bei na theluji inakaribia. Halafu unauliza kijiko cha tani ngapi kinafaa, njia iwe na upana gani, bima mchukue ipi, na watoto wafundishwe wapi kuendesha. Mimi nilikwama kwenye neno "Jumamosi". Chai imepoa hapa.

MSIGUSE UDONGO. Msikate hata kichaka.

Nijibu kitu kimoja: mnao mkataba uliosainiwa na pande zote, pamoja na ruhusa ya maandishi ya kuanza kazi, yenye tarehe? Barua ya pongezi siyo ruhusa. Simu ya yule dada wa ofisi ya jimbo aliyesema "hongereni sana" siyo ruhusa. Ile barua ni ahadi ya kwenye kamati ya harusi: mjomba kaandika milioni moja, watu wamepiga vigelegele, lakini mwenye ukumbi anataka hela mkononi na mjomba hapokei simu.

Sisi tulikuwa na barua kama hiyo. Nzuri, karatasi nzito, nembo ya jimbo juu. Mwenyekiti wetu aliitia kwenye fremu, sitanii. Kulikuwa na bwana mmoja tuliyemlipa atuandikie maombi, mtaalamu mwelekezi kwa jina, koti zuri, kishkwambi mkononi muda wote. Tukamuuliza kwenye kikao, mbele ya watu: tunaweza kuanza? Akasema barua ndiyo hela, kilichobaki ni makaratasi, anzeni kabla ardhi haijaganda. Akaongeza kwamba ofisi ya jimbo hupenda kuona klabu "yenye moto". Moto tuliuona.

Tukakodi kijiko na dereva wake. Tukanunua makalvati na malori ya kokoto. Akiba ya klabu ikaisha, familia tatu zikakopesha, yangu ikiwa mojawapo. (Mke wangu hadi leo akitaka kushinda mabishano yoyote, hata ya chumvi kwenye mboga, anasema tu "kalvati" na mimi nanyamaza.) Njia ikatoka nzuri kwelikweli, tukapiga picha, tukachoma nyama.

Mkataba ulikuja kusainiwa wiki saba baada ya hapo. Tukapeleka risiti zetu kupitia kaunti iliyotudhamini. Mama mmoja mhasibu akazipanga mezani, akashika kalamu ya risasi, akawa anashuka na safu ya tarehe tu. Upande wa kiasi hakuutazama kabisa. Kila akifika kwenye tarehe ya kabla ya mkataba anaweka alama ndogo pembeni, anahamia nyingine. Alimaliza rundo lote bila kuinua macho. Dola 22,000 na ushee, na hakuna hata moja iliyorudi.

Ngoja, hapo ni nusu tu. Ruzuku hii kwa kawaida hulipa hadi asilimia 80, zilizobaki mnachangia wenyewe, na mchango huo unaweza kuwa jasho la watu wenu wa kujitolea, linahesabiwa kwa saa. Sisi tulitegemea hilo. Saa zote zile za watu wazima kubeba magogo na kung'atwa na mbu zilikuwa za kabla ya tarehe, kwa hiyo nazo zikatupwa. Tukabaki na mradi ulioidhinishwa, mchango hatuna, na hela ya kutangulizia hatuna.

Na bado. Ule mteremko tulioukata ulikuwa haujapimwa na watu wa mambo ya kale. Hii ni hela ya serikali kuu, kwa hiyo kabla ya kuchimba lazima ukaguzi ufanyike: wanakuja watu na koleo na chekeche, wanachimba vishimo vidogo kwa mstari, wanachekecha udongo kutafuta vipande vya mawe ya kale na vyungu, wanafukia, wanasonga mbele. Kijiko chetu kilikuwa kimeshapindua pale juu chini, na udongo uliokwisha kupinduliwa hausomeki. Kipande kile kikaondolewa kwenye mradi, na sisi tukaamriwa kukifunga, tumwage nyasi kavu, tupande mbegu ili tope lisiingie kijitoni. Kwa gharama zetu. Nimewahi kulipa hela nyingi nipate njia. Siku ile nililipa nyingine njia ifutike.

Yule bwana wa koti? Alisema yeye aliajiriwa kuandika maombi, si kusimamia utekelezaji. Ankara yake tulishailipa, bila shaka, maana yeye alikuwa anaijua siri ya kulipwa kabla ya kazi. Namuona bado anatoa semina kwa klabu nyingine. Mkuu, kama kwenu kuna mtu anasema "anzeni tu, hela inakuja", mwambieni aandike sentensi hiyo, aweke sahihi, na aahidi kufidia. Mtaona anavyokumbuka kikao kingine.

Watu humu watasema ni urasimu wa Wazungu. Sawa, lakini ujue unatoka wapi. Petroli ya Marekani inakatwa kodi ya serikali kuu ya senti 18.4 kwa galoni, kwa ajili ya barabara. Anayechoma mafuta msituni haichakazi barabara kuu, ndiyo maana Bunge lao mwaka 1991 likaanzisha mpango huu wa kurudisha sehemu ya hela hiyo kwenye njia za burudani. Kila jimbo lina fungu lake: angalau asilimia 30 ni ya vyombo vya moto, 30 ya watembea kwa miguu, farasi na baiskeli, na 40 ya njia za matumizi mchanganyiko. Lakini inapitia kwa watu wa barabara kuu, basi inakuja na masharti yao: sheria ya mazingira ya 1969, sheria ya kuhifadhi mambo ya kale ya 1966, hata chuma cha kidaraja chenu kitaulizwa kimetengenezwa wapi. Njia ya upana wa kitanda inahojiwa kama daraja la Mississippi. Ukitaka hela zao, ndivyo zilivyo.

Wanaotaka kupumua kidogo hutafuta na hela za kwao. West Virginia wana njia za Hatfield-McCoy, zilifunguliwa mwaka 2000, sasa urefu wake unazidi maili 1,000, na kila anayeingia ananunua kibali. Sehemu kubwa iko kwenye ardhi ya makampuni binafsi kwa makubaliano. California wana stika za ATV na pikipiki za vumbi zinazolisha mfuko wao. Lakini nyinyi mmeshapata ruzuku, kwa hiyo turudi kwenye tarehe.

Kazi ya kufanya wakati mnasubiri ipo, isiyogusa ardhi. Tembeeni na kipima mteremko, fungeni tepe za rangi kwenye miti, chukueni alama za GPS. Upangaji na tathmini ya mazingira vina kamlango kao: gharama za ndani ya miezi 18 kabla ya idhini zinaweza kukubaliwa kama sehemu ya mchango wenu. Ulizeni jimbo, mjibiwe kwa maandishi. Wekeni daftari la mahudhurio tayari: jina, saa ya kuingia, saa ya kutoka, kazi, sahihi. Na tafuteni sasa hela ya kutangulizia, maana hata mkataba ukisainiwa hamkabidhiwi mfuko. Mnalipa kwanza, ndipo mnarudishiwa. Muulizeni mdhamini wenu wa kaunti kama ankara zinaweza kulipwa moja kwa moja na wao. Sisi hatukuuliza, kwa sababu bwana wa koti alisema hakuna haja.

Kuhusu upana: ATV za kawaida zimezoea njia za inchi 50, zile za kukaa wawili bega kwa bega nyingi hazipiti hapo, amueni mapema mnamtengenezea nani. Msipandishe njia moja kwa moja mlimani hata kama vijana wanapenda, maji ya masika yataigeuza korongo. Mwinuko wa njia usizidi nusu ya mwinuko wa mlima wenyewe. Tani za kijiko... hilo la kijiko mimi siongei mpaka nione mkataba. Na kulikuwa na swali jingine, la watoto au la bima, wengine watajibu.

Mpigie mwenye kijiko leo, si kesho. Akikataa kuahirisha, mwache aende na punguzo lake. Halafu omba ofisi ya jimbo ikutumie ukurasa wa sahihi na ile ruhusa ya kuanza kazi, uweke picha hapa, ufiche majina na namba. Tarehe tu ndiyo nataka kuiona.