Umebadili rimu, taa ya upepo imewaka: weka pampu chini kwanza

Siku nilipofunga rimu mpya nilizunguka na gari bila safari ya maana, nikilitazama kila nilipopita penye kioo kikubwa. Nilikuwa nimetoka kwenye rimu za chuma za inchi 16 nikahamia za aloi za inchi 17, na gari lilikuwa limekaa vile nilivyolitaka siku zote. Kesho yake asubuhi nikawasha, na ile taa ya njano yenye umbo la tairi lililokatwa, alama ya mshangao katikati, ikaanza kunikonyeza. Ikawaka na kuzima, ikawaka na kuzima, dakika nzima na ushei. Kisha ikatulia, ikabaki imewaka njia nzima.

Nikafanya lile ambalo wengi hulifanya: nikaenda kujaza upepo. Geji ilisoma PSI 33 (kipimo cha upepo) kila tairi, yaani sawa kabisa na kibandiko cha mlangoni. Nikapandisha hadi 36. Taa ipo. Kijana wa pampu akashauri tufike 40, labda gari "limezoea". Limezoea nini, sikuuliza. Nilirudi nyumbani gari likidunda kwenye kila tuta kama mpira, na taa iko palepale.

Laiti ningejua maana ya ule ukonyezaji ningeokoa asubuhi nzima. Taa hii husema mambo mawili tofauti, na tofauti iko kwenye zile sekunde za mwanzo. Ikiwaka moja kwa moja bila kukonyeza, kuna tairi lililopungukiwa upepo. Ikikonyeza kwa sekunde 60 hadi 90 unapowasha gari, ndipo itulie na kubaki imewaka, basi mfumo wenyewe una hitilafu: kompyuta ya gari inasubiri habari kutoka kwenye sensa na haipati. Magari mengine huandika ujumbe, au huweka vistari pale ambapo pangekuwa na namba za upepo. Kwa mtu aliyetoka kubadili rimu, mara nyingi ni hili la pili. Sensa zangu zilikuwa ndani ya rimu za zamani, zimelala stoo. Ningejaza upepo mpaka tairi lipasuke, taa isingezimika.

Sasa, kabla hujamlaumu fundi, jua gari lako lina mfumo gani, maana iko miwili na tiba zake hazifanani.

Wa kwanza hauna sensa yoyote ndani ya tairi. Unatumia zile sensa za breki za ABS (breki zinazozuia magurudumu kujifunga) zinazohesabu mizunguko ya kila gurudumu. Tairi lililopungua upepo hukaa chini kidogo, mzingo wake hupungua, kwa hiyo huzunguka mara nyingi zaidi kuliko wenzake kwa umbali uleule. Kompyuta inaona gurudumu moja lina haraka kuliko mengine, inawasha taa. Kama gari lako ni la aina hii, umebahatika: jaza upepo unaotakiwa matairi yakiwa ya baridi, bonyeza kitufe cha kuanzisha upya au ingia kwenye menyu ya dashibodi, kisha endesha ili gari lijifunze mzingo wa matairi mapya. Ila usibonyeze kabla ya kujaza. Ukibonyeza tairi likiwa limelegea, umelifundisha gari kwamba kulegea ndiyo hali ya kawaida, na litakunyamazia siku unayolihitaji.

Mfumo wa pili, ule uliokuwa kwangu, una sensa ndani ya kila gurudumu, imefungwa kwenye shina la valvu. Ni kidude cheusi kidogo chenye betri, kinachopima upepo na kurusha namba kwa mawimbi ya redio. Kama dashibodi yako inaonyesha upepo wa kila tairi peke yake, karibu kwa hakika una hizi. Valvu ya chuma yenye nati pale inapotokeza kwenye rimu ni dalili nyingine, ingawa usiitegemee sana, kwa sababu zipo sensa zenye valvu ya mpira ambazo kwa nje huwezi kuzitofautisha na valvu ya kawaida. Fundi wangu wa kwanza alikosea hapohapo. Kwenye rimu mpya alipachika valvu za mpira tupu, akanikabidhi gari, akaniambia taa itazima yenyewe.

Haikuzima. Nami, baada ya wiki mbili za kuangaliana nayo, nikachukua tepu nyeusi ya umeme nikaibandika juu yake. Nilijiona mjanja. Magari mangapi yameenda miaka na miaka bila taa hiyo? Hoja hiyo ina ukweli wake, lakini inasahau jambo moja: mwenye gari lisilo na taa hupima upepo kwa geji. Mimi nilikuwa nimezoea taa ndiyo inipimie, nikaiziba, na geji sikuigusa. Miezi kadhaa baadaye msumari mwembamba uliingia tairi la nyuma upande wa abiria, upepo ukawa unatoka kidogokidogo. Tairi za ukuta mfupi haziinami sana zikipungua, kwa hiyo kwa macho sikuona kitu. Nilikwenda nalo barabara kuu kwa mwendo mkubwa. Nilipokuja kusimama kwa sababu ya harufu, ukuta wa ndani ulikuwa umesagika, na unga mweusi wa mpira ulimwagika kwenye viganja vya fundi alipolivua. Tairi lenyewe lilikuwa bado lina vile vinywele vya mpira vya tairi jipya. Halikuzibika.

Nikabandua tepu, nikaamua kulitengeneza jambo lenyewe. Na hapa ndipo nilipojifunza kwamba mazungumzo ya sensa yanatakiwa kufanyika kabla tairi halijafungwa kwenye rimu. Baada ya hapo kila kosa linakugharimu kuvua tairi, kulifunga na kulibalansi upya.

Wazo langu lilikuwa kuhamisha sensa za zamani. Ya kwanza ilivunjika mbele ya macho yangu. Fundi aliweka rimu kwenye mashine na kubana ukingo wa tairi palepale penye valvu, tukasikia "kak!", na kidude kikatoka vipande viwili. Kama unahamisha zako, mwambie fundi kwa mdomo wako, kabla hajaanza, kwamba kuna sensa ndani na abane mbali na valvu. Anayejua kazi hatakasirika.

Ya pili ilitoka salama, lakini haikukaa kwenye rimu mpya. Shina lilipita kwenye tundu vizuri, ila tumbo la sensa liligota kwenye mwinuko wa ndani wa rimu, na nati ilipokazwa shina likapinda upande. Rimu za kiwandani huchongwa kwa kufuata sensa ya gari lile. Zile za kununua baadaye huchongwa zifae magari mengi, na mchongaji hakuwa na sensa yako akilini. Matundu mengi ya valvu yana upana wa karibu milimita 11.5, lakini pembe ya tundu na nafasi ya ndani hutofautiana. Kuna sensa ambazo shina lake huweza kugeuzwa pembe, na hizo ndizo zinazofaa kwa rimu za namna hii. Chukua sensa moja uende nayo unapoenda kununua rimu, uiingize kwenye tundu kwa mkono. Muuzaji atakushangaa kidogo. Muache ashangae.

Hata hivyo zile zilizobaki nzima nisingezitumia, kwa sababu ya betri. Betri ya sensa imezikwa ndani ya gundi ngumu, haibadilishwi. Hudumu miaka 5 hadi 10 hivi, na gari langu lilikuwa na miaka 8. Kuhamishia sensa za umri huo kwenye rimu mpya ni kuahirisha safari ya fundi tu. Kama zako bado changa na zinakaa vizuri, hamisha bila wasiwasi, ila badilisha vile vipira vya kuzibia, nati na kijiti cha ndani ya valvu. Na kijiti kiwe cha aina ileile iliyokuja na sensa: kijiti cha kawaida cha shaba nyeupe ndani ya shina la alumini huliwa na kutu mpaka vinashikana, na siku ya kujaza upepo shina zima linakatika. Vifuniko vya chuma vya mapambo vina ugonjwa huohuo. Vya plastiki vinatosha.

Nikaagiza nne mpya. Zilifanana na zangu kwa kila kitu, zikafungwa, matairi yakabalansiwa, na taa ikaendelea kukonyeza. Kosa lilikuwa masafa ya mawimbi ya redio. Sensa hizi hurusha kwa MHz 315 au MHz 433. Ya kwanza ni ya kawaida kwenye magari yaliyotengenezwa kwa soko la Marekani, ya pili kwa Ulaya na nchi nyingine nyingi, na modeli moja ya gari inaweza kuwa na hii au ile kutegemea iliundwa kwa ajili ya wapi. Kwa macho hazina tofauti. Namba huandikwa kwa herufi ndogo ubavuni. Gari la 315 haliisikii ya 433 hata ukaiweka juu ya dashibodi. Angalia maandishi ya ile ya zamani ulinganishe, na wala usikubali neno "zote ni moja".

Mara ya pili nilikuwa nimeshika adabu. Kabla matairi hayajafungwa nilipiga picha kila sensa, kwa kuwa ubavuni ina namba yake ya utambulisho ambayo haifanani na ya nyingine. Namba hiyo ndiyo ambayo gari huitambua. Gari halikubali sensa yoyote inayopita, la sivyo lingesoma upepo wa gari la jirani kwenye foleni. Kwa hiyo sensa mpya ni lazima ziandikishwe. Baadhi ya magari huzijua yenyewe baada ya kuendeshwa kwa muda. Mengine unaingia kwenye hali ya kujifunza, kisha unapita kila gurudumu na kifaa kidogo kinachoiamsha sensa, kwa mpangilio uliopangwa. Mengine, hasa mengi ya Kijapani, yanataka fundi mwenye mashine achomeke kwenye soketi ya OBD, ile ya kusomea kompyuta ya gari, chini ya usukani na kuziandika namba moja moja. Lile langu lilikuwa la kundi hili. Njia ya nne ni sensa zinazoweza kunakili namba za zile za zamani, ili gari lisijue kama kuna kilichobadilika. Hiyo ni nzuri kwa mwenye seti mbili za magurudumu anayezibadilisha kila msimu.

Neno kuhusu kitufe cha SET, kwa kuwa nilikibonyeza mpaka kidole kikauma. Kwenye magari mengi yenye sensa ndani ya tairi, kitufe hicho huliambia gari kwamba "upepo uliopo sasa ndio kipimo". Hakiandikishi sensa mpya. Kama namba hazimo kwenye kompyuta, bonyeza mpaka kesho.

Pengine utasikia pia habari ya bomba la plastiki: watu hutia sensa nne za zamani ndani ya bomba, wanalijaza upepo, wanaliziba na kulitupa chini ya buti ili gari lidhani liko salama. Ni akili nyingi kwa kazi mbaya. Ni afadhali tepu yangu, angalau tepu haikudanganyi.

Kuna watakaouliza kwa nini mfumo huu upo kabisa. Marekani ilipitisha sheria yake mwaka 2000, baada ya ajali nyingi zilizotokana na matairi kupasuka au kuchanika, na kufikia modeli za mwaka 2008 magari yote madogo mapya yalitakiwa kuwa nao. Umoja wa Ulaya ulifikia hapo kwa magari yote madogo mapya Novemba 2014. Sheria ya Marekani inaitaka taa iwake tairi linapopungua kwa asilimia 25 chini ya kipimo. Fanya hesabu: kama kipimo ni 32, taa itakuja kwenye 24. Tairi la 26 limelegea vya kutosha kula mafuta na kuchakaa pembeni, na taa imekaa kimya. Geji ya mfukoni bado ina kazi, mara moja kwa mwezi, asubuhi kabla ya safari.

Na kipimo chenyewe, ukibadili saizi, usikinakili mlangoni ukiwa umefumba macho. Kibandiko kile kiliandikwa kwa ajili ya matairi ya kiwandani. Nilitoka 205/55R16 nikaenda 225/45R17, na vipenyo vyake vinakaribiana sana, kiasi cha milimita 2 tu, kwa hiyo spidi mita haikusumbuka. Namba ya uzito pia ilikuwa ileile, 91, maana yake kilo 615 kwa tairi, hivyo 33 iliendelea kufaa. Lakini tairi lililoandikwa XL, yaani lililoimarishwa kubeba uzito zaidi, hufikia uzito wake kwa upepo mkubwa zaidi, na kama namba yako mpya ya uzito ni ndogo kuliko ya zamani, tatizo lako limeshapita taa.

Fundi aliponiandikia zile namba nne, niliendesha kama dakika kumi. Taa ikazima nikiwa kwenye mzunguko wa barabara, nikauzunguka mara ya pili kwa furaha tu.

Wiki iliyopita, asubuhi ya baridi, imewaka tena. Nilikaa na ufunguo mkononi nikiitazama. Haikukonyeza hata mara moja. Nikashuka na geji: 33, 33, 32, na la nyuma kushoto 24. Nikaenda kuchukua pampu.